Nungunungu bustanini: funga matuta, mwachie njia

Bustani ikifukuliwa usiku mmoja tu, swali la asubuhi huwa ni namna ya kumfukuza nungunungu. Linaeleweka, ila limeanzia pabaya. Nungunungu aliye jirani na bustani si mpita njia. Ana pango ambalo huenda limetumika miaka mingi, ana mwenzi anayeishi naye humo, na ana njia anayoifuata karibu kila usiku. Ukimuua au ukimhamisha, pango linabaki na njia inabaki, na mwingine anayetafuta makazi hukuta nyumba tayari. Mwenye bustani anakuwa amegharamia miezi michache ya utulivu, basi.

Msimamo wangu ni kwamba kiwanja kizima hakilindiki, na wala hakihitaji kulindwa. Kinacholindika ni matuta mawili matatu yenye vitu anavyovitaka. Hayo yafungwe kwelikweli, kuanzia chini ya udongo, na eneo lililobaki aachiwe apite. Wengi hufanya kinyume chake: hujenga ua mrefu, dhaifu, kuzunguka kila kitu, kisha hulalamika kwamba mnyama ni mkaidi. Mnyama si mkaidi. Ua ulikatiza njia yake mahali pasipo na ulinzi wowote.

Nungunungu wa jenasi ya Hystrix wako Afrika, Asia, na hata Italia. Kwa mtunza bustani tofauti zao si kitu. Ni mnyama wa kundi moja na panya, mwenye uzito wa kilo 10 hadi 25 hivi, anayetembea usiku, asiyepanda wala kuruka, lakini mchimbaji hodari. Wale wa Amerika wanaopanda miti ni ukoo mwingine kabisa, na ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa kwa ajili yao. Ukisoma mahali kwamba ua lazima upinde juu ili asiuparamie, fahamu kwamba anayezungumziwa si huyu wa kwako. Wa kwako hupita chini, au husukuma katikati, au hutafuna. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, kwa hiyo huguguna mbao, magome ya miti, na mifupa mikavu ambayo humpa kalsiamu na fosforasi. Ndiyo sababu mifupa aliyotupiwa mbwa uani humvuta kama vile viazi vinavyomvuta.

Harushi miiba. Miiba ni nywele zilizokuwa ngumu, zimeshikwa na ngozi kwa ulegevu, na hutoka zinapochoma kitu au hudondoka zenyewe. Akitishwa hukanyaga chini kwa kishindo, hutikisa miiba mifupi ya mkia wake, iliyo mitupu ndani, mpaka ikalia, kisha hugeuka na kurudi nyuma kwa nguvu dhidi ya adui. Anayeumia, basi, ni yule anayemfuata kwa nyuma au anayembana kwenye kona. Mtu aliyesimama kando, akiwa amemwachia upenyo wa kuondokea, hana la kuogopa.

Kabla hujanunua hata mita moja ya wavu, hakikisha mharibifu ni yeye. Nguruwe pori hupindua udongo wa eneo zima. Fuko hula kutokea chini: mmea hunyauka ukiwa umesimama, na juu ya ardhi huonekana vilima vya udongo visivyo na tundu. Panya buku hubeba, na alama za meno yake ni ndogo. Tumbili huja mchana na kuacha matunda yaliyoumwa mara moja yakatupwa. Nungunungu huchimba shimo mojamoja, pana juu na jembamba chini, udongo umetupwa upande mmoja, na kiazi kilichobaki kina michirizi mipana ya meno iliyokaa miwilimiwili. Mahindi huyakata shina karibu na ardhi, yakishaanguka ndipo ale hindi. Boga hulitoboa. Kinyesi chake ni vipande virefu vyembamba, mara nyingi vimeshikana kwa nyuzi za mimea, na karibu nacho huenda ukaokota mwiba.

Uthibitisho mzuri kuliko wote haugharimu kitu. Jioni, nyunyiza mchanga mkavu au majivu yaliyochekechwa kwenye ukanda wa mita moja unaokatiza mahali unapodhani anapita, kisha usawazishe kwa ubao. Asubuhi utakuta nyayo, za nyuma ndefu kuliko za mbele, na mara nyingi mistari myembamba ya miiba ya mkia iliyoburuzwa. Rudia usiku tatu au nne, ukihamisha ukanda. Unachotafuta si jina la mnyama pekee. Unatafuta anaingilia wapi, anaelekea wapi kwanza, na anatokea wapi. Chora njia hiyo kwenye karatasi. Mchoro huo utaamua tuta likae wapi na mlango wake uelekee upande gani, na asiyekuwa nao hujenga kwa kubahatisha.

Sasa hesabu. Kiwanja cha mita 30 kwa 40 kina mzingo wa mita 140. Tuta la mita 4 kwa 8, linalotosha kwa viazi vitamu, karanga na maboga ya nyumba moja, lina mzingo wa mita 24. Ni karibu moja ya sita. Lakini hoja kubwa zaidi ya gharama ni udhaifu: kila mita ya ua ni mahali panapoweza kufumuka baada ya mvua, na hakuna mtu anayekagua mita 140 kila wiki. Mita 24 unazizunguka ukiwa unamwagilia.

Wavu uwe wa chuma uliochomelewa, waya wake usiwe chini ya milimita 2, na matundu yasizidi sentimita 5. Wavu mwembamba wa mabanda ya kuku haufai hata ukiwekwa mara mbili. Hung'atwa, na palipokatika pawili husukumwa kwa pua mpaka pakawa mlango. Matundu makubwa nayo hupitisha watoto, na mtoto akishaingia mama hubaki nje akichimba.

Tuseme umepata bunda la wavu lenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 25. Likunje kwa urefu wake: sentimita 90 zisimame wima, sentimita 60 zilale chini kuelekea nje ya tuta. Hilo pindo la chini ndilo ua wenyewe. Sehemu iliyosimama ni nyongeza. Nungunungu huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta chuma, husogea kushoto au kulia na kujaribu tena pale pale chini ya ukuta. Hapigi hatua nyuma za sentimita 60 ili aanzie huko. Wanaochimba mtaro na kuzamisha wavu wima kwa sentimita 30 hupata ulinzi pia, lakini kwa kazi kubwa zaidi, na siku akifika sentimita 35 ameshaingia.

Kulaza pindo hakuhitaji mtaro. Parua udongo kina cha sentimita 5 hadi 10, laza wavu, upigilie kwenye ukingo wa nje kwa vigingi vya nondo nyembamba vilivyokunjwa kichwa, urefu wa sentimita 30, kimoja kila nusu mita. Kwa tuta hili vitahitajika kama 55. Rudisha udongo juu na uache nyasi ziote. Mizizi yake itaushona wavu na ardhi, na baada ya msimu mmoja wa mvua hata wewe utapata taabu kuung'oa.

Pembe ndizo zinazosahaulika. Pindo likikunjwa kuelekea nje, kwenye kila pembe hubaki mraba mtupu wa sentimita 60 kwa 60 usiofunikwa na kitu. Nungunungu yuko radhi kuzunguka ua mzima mpaka aupate mraba huo. Kata viraka vinne vya ukubwa huo na uvifunge kwa waya wa bindingi kwenye mapindo ya pande zote mbili. Bunda la mita 25 linatosha haya yote: mita 23 kwa ua, kwa kuwa mita moja ni ya mlango, mita 1.2 kwa viraka vinne, na sentimita 80 zilizobaki kwa kupandanishia ncha.

Nguzo ziwe 13, moja kila mita 2 pamoja na moja ya ziada ya mlango, kila moja ya mita 1.5, na sentimita 55 ziwe ardhini. Wavu ufungwe upande wa nje wa nguzo, si wa ndani. Sababu ni mbili: akiusukuma unajibana kwenye nguzo badala ya kubanduka, na nguzo za mbao zinakuwa nyuma ya chuma ambako hawezi kuziguguna. Funga kila nguzo mahali patatu, na kifungo cha chini kisizidi sentimita 5 kutoka ardhini. Hicho ndicho kinachofanya kazi ya kweli, maana yeye hunyanyua kwa pua.

Mlango ndio unaoangusha ua mzuri. Chini ya mlango hakuna pindo, kwa hiyo zuia kuchimba kwa bamba la zege au jiwe bapa lenye upana wa sentimita 60 na unene wa 10, lililolazwa sawa na ardhi kutoka nguzo hadi nguzo, na wavu wa pande zote mbili uingie chini yake. Mwanya kati ya mlango na bamba usizidi sentimita 4. Sehemu ya chini ya mlango, sentimita 40, ipigwe bati, hasa kama fremu ni ya mbao. Na mlango ufunguke kuelekea nje, ukijifunga dhidi ya kizuizi kwenye nguzo: hapo kila anapousukuma akiwa nje anazidi kuukaza. Mlango unaofungukia ndani, wenye komeo moja la juu, hupinda pembe ya chini mpaka mnyama akapenya. Weka komeo la pili chini.

Waya wa umeme nao hufanya kazi, na ni rahisi kuufunga, ila una masharti. Miiba ni kama kucha, haipitishi umeme, kwa hiyo waya uliokaa juu humgusa mgongoni asihisi lolote. Lazima agongwe puani: waya wa kwanza sentimita 15 kutoka ardhini, wa pili sentimita 35. Katika urefu huo nyasi huugusa upesi, hasa msimu wa mvua, na umeme wote huishia ardhini; asiyekata nyasi kila wiki asijidanganye. Mashine iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ua wa mifugo, inayotoa mapigo mafupi. Kuunganisha ua moja kwa moja na umeme wa nyumbani ni kuua watu, na hakuna kiazi kinachostahili hilo. Kwa bustani ndogo nachagua wavu bila kusita.

Wakati wa kujenga una uzito sawa na ujenzi wenyewe. Viazi vitamu hukomaa kati ya miezi mitatu na mitano, na huanza kunenepa mwezi wa pili. Ua ukiwa tayari ifikapo wiki ya sita, mnyama hukutana nao kabla hajaonja, huunusa, huuzunguka usiku mmoja au miwili, kisha huendelea na safari yake. Ua uleule ukijengwa baada ya yeye kula wiki mbili mfululizo utajaribiwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, kwa sababu anajua fika kilichomo. Ukichelewa, vuna mapema kilichopo, jenga, kisha panda upya.

Kuna hasara moja ya mpango huu ambayo wanaoutetea huipita kimyakimya. Tuta lililofungwa halihami, na viazi vitamu vikipandwa mahali pamoja mwaka hata mwaka hulea fukusi. Dawa ni kuligawa eneo la ndani vipande viwili au vitatu na kuzungusha mazao humo humo: viazi, kisha karanga, kisha maboga. Mihogo ndiyo kikwazo, kwa sababu hukaa ardhini muda mrefu na kula nafasi. Ama uipe tuta lake lenye ua wake, ama uiache. Mboga za majani, pilipili na mimea yenye harufu kali zibaki nje. Si kwamba haziguswi kabisa, ila hazimtoi mnyama pangoni.

Nje ya ua, kazi ni kupunguza karamu. Matunda yaliyoanguka yaokotwe kabla ya jua kuzama, si asubuhi yake. Viazi vilivyochungulia juu ya udongo vifukiwe. Maganda na masalio yaende kwenye pipa la mboji lenye kitako cha wavu na kifuniko kizito, na mifupa isiachwe uani. Wapo wanaopendekeza kumtengea kishamba chake ili ashibe huko na kuacha vingine. Sikubaliani nao. Chakula cha uhakika huongeza muda anaokaa hapo na huwazoesha watoto wake, na kishamba kikiisha yeye bado yupo. Unachoshirikiana naye ni ardhi na njia. Mazao ni yako.

Miti ya matunda inahitaji sura yake. Hasa kiangazi, nungunungu hubandua gome la shina kuanzia ardhini hadi kimo anachokifikia akiwa amesimama, karibu nusu mita. Mti haufi kwa jeraha, hufa kwa njaa ya mizizi: sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia tabaka la ndani la gome, na gome likiondolewa kuzunguka shina lote mizizi haipati kitu, ingawa majani yanaweza kubaki mabichi kwa miezi. Ndiyo maana watu huona mti umepona, kisha unakauka msimu unaofuata. Kinga ni silinda ya wavu uleule, kimo cha sentimita 75, iliyo mbali na shina kwa sentimita 5 au zaidi, na chini ikashikwa kwa vigingi. Ipanue kila mwaka, la sivyo wavu wenyewe utaukaba mti.

Mti ulioliwa chini ya nusu ya mzunguko wake kwa kawaida hupona. Nyoosha kingo za jeraha kwa kisu kikali mpaka kwenye gome lililoshikamana, usipake rangi wala lami, funika shina dhidi ya jua kali, na umwagilie. Ulioliwa mzunguko mzima unaweza kuokolewa kwa daraja la vikonyo: vijiti vya mwaka mmoja vya mti uleule, vilivyochongwa pande zote mbili, hupandikizwa chini na juu ya jeraha, kimoja kila sentimita 5 hadi 8 za mzunguko, na ncha ya chini ya kijiti ibaki chini. Kijiti kikigeuzwa juu chini hakitadumu. Ni kazi ya siku chache za kwanza, kabla mti haujakauka mahali palipochunwa.

Mbwa si suluhisho. Mbwa mzuri ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa humkimbiza nungunungu kwa nyuma, na miiba minene huacha jeraha refu la kuchoma linalooza ndani huku juu likionekana dogo. Miiba michache ya miguuni au mabegani huchomolewa kwa koleo, ikishikwa karibu na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kuipinda. Usiikate kwanza ukidhani itatoa hewa na kulegea; haina hewa ya kutoa, na uliyoikata ni ngumu kushika na hupasuka vipandevipande. Iliyoingia kifuani, tumboni, jichoni au kooni isiguswe nyumbani: mbwa azuiwe asijikune na apelekwe kwa daktari wa mifugo hivyo hivyo. Usiku, mbwa afungwe ndani. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya amani, na wengi huiweka mwisho.

Pilipili iliyosagwa na kupakwa kwenye gome hupunguza kugugunwa kwa mti mpaka mvua inayofuata; kwa viazi vilivyo ardhini haina kazi. Taa huvutia kama wazo, kwa kuwa uchunguzi uliofanywa Italia na Israeli umeonyesha kwamba nungunungu hupunguza kutembea sehemu za wazi mbalamwezi ikiwa kali. Lakini taa moja ukutani haiwi mwezi. Humsogeza tu kwenye upande wenye kivuli, na akishaizoea hula chini yake. Faida ya kujua habari ya mbalamwezi ni nyingine: kagua ua kabla ya usiku wa giza, kwa sababu ndipo atakapoujaribu. Redio, mkojo, na nguo kuukuu zilizotundikwa hudumu siku chache. Vidonge vya kufukuzia nondo visizikwe bustanini kamwe. Ni sumu inayobaki kwenye udongo wa chakula.

Kuhusu viazi vilivyotiwa dawa ya wadudu, sina lugha ya upole. Karbofurani, ambayo hutumiwa mara nyingi kwa kazi hiyo, huua kwa kiasi kidogo sana ndege, mbwa, kuku na watoto, na mzoga wa aliyeila huua walaji wake. Zaidi ya hapo hufyonzwa na mizizi na kupanda ndani ya mmea. Anayeizika kwenye tuta ili kulinda viazi anaiweka ndani ya viazi vyenyewe. Mitego ya kitanzi nayo haichagui, na hushika paka na mbwa wa jirani kwa urahisi uleule. Katika nchi nyingi kumuua au kumhamisha mnyamapori bila kibali ni kosa, na hata pale kibali kinapopatikana tatizo la pango lililo wazi linabaki palepale.

Pango likiwa mbali na majengo, liachwe. Likiwa limechimbwa chini ya msingi wa nyumba, ukuta au tangi la maji, hapo kuna sababu ya haki ya kulifunga, ila si kwa haraka. Usiingize mkono wala kichwa: mapango ya namna hii barani Afrika huweza kuwa na papasi, wale wanaoeneza homa ya papasi, na wakati mwingine mwenye pango si nungunungu pekee. Weka vijiti vyembamba mlangoni jioni, vikikatizana. Visipoguswa kwa asubuhi tano mfululizo kwenye kila tundu, jaza mawe, shindilia udongo, na ulaze wavu juu yake kwa pindo la mita moja. Vikiguswa, lina mtu. Kuziba pango lenye wakazi ni ama kuwazika watoto wakiwa hai, ama kumfanya mzazi achimbe njia mpya kupitia msingi uleule uliotaka kuuokoa. Mzao mmoja huwa na mtoto mmoja hadi watatu, nao hunyonya kwa takriban miezi mitatu. Ukiona nyayo ndogo pamoja na kubwa, subiri. Watoto wakishaanza kufuatana na wazazi usiku, tundika bamba jepesi la bati mlangoni, lililoning'inizwa juu na kufunguka kwa nje tu, uzibe matundu mengine, na baada ya wiki moja ya utulivu ufanye kazi ya mawe.

Linabaki suala la ua wa mpaka, ule ambao tayari upo. Kama nungunungu huutoboa kila mara mahali pale pale, acha kuuziba. Pale kwenye tundu weka fremu ya chuma au zege yenye uwazi wa sentimita 30 kwa 30 na ukaze waya kuizunguka. Huonekana ni kusalimu amri, lakini tundu moja lenye fremu huokoa mita nyingi za ua zisiharibiwe. Kati ya tundu hilo na tuta lililofungwa iache njia yake, upana wa mita moja, bila kupanda kitu cha thamani. Faida ya kiikolojia ipo pia, ingawa siitumii kama hoja kuu kwa mwenye bustani ndogo: katika jangwa la Negev, Israeli, imeonekana kwamba mashimo anayochimba hukusanya maji, majani makavu na mbegu, na mimea huota humo kwa wingi kuliko kando yake. Kwenye njia yake uani utaona jambo hilohilo kwa kiwango kidogo, magugu yakiwa mengi zaidi ya maua.

Siku moja mlango utasahauliwa wazi na asubuhi utamkuta ndani ya tuta, amejikunyata kwenye kona. Usijaribu kumtoa kwa fimbo au gunia. Fungua mlango mpaka mwisho, uegemeze jiwe usijifunge, ondoa mbwa na watoto, na uache eneo hilo mpaka kesho yake. Atatoka mwenyewe giza likiingia. Kisha kagua pindo kwa ndani, kwa sababu aliyefungiwa hushinda akichimba kutokea upande ambao haukuwekewa chuma.